Nani Anamlipa Mwandishi wa Karata?

Hoja iliyo mezani ni hii: kijana wa Tanga mwenye simu, bando na Kiingereza cha shule anaweza kujipatia kipato cha kutegemewa kwa kuandika makala kuhusu mchezo wa karata unaoendeshwa kwa blokicheni. Wanaojadili ni wanne: Kijana anayeifanya kazi hiyo, Mwalimu mstaafu wa Kiswahili kutoka Chumbageni, Wakala wa pesa za simu pale Ngamiani, na Mhasibu. Wote wanne ni wa kubuni. Mchezo, sarafu, sheria na tarehe wanazozitaja ni za kweli.

Kazi yenyewe

MWENDESHA MJADALA: Kijana, wewe ndiye mwenye shughuli. Tueleze unafanya nini, polepole, kama unamweleza mtu asiyewahi kuusikia mchezo huo.

KIJANA: Shikamoo Mwalimu. Shikamooni wakubwa. Mchezo unaitwa Splinterlands. Ulianza 2018 kwa jina la Steem Monsters. Ni karata, lakini usitafute shupaza wala kopa. Kila karata ina kiumbe mwenye shambulio lake, kasi yake, ngao yake na uhai wake. Unachagua karata moja ya kiongozi, nyuma yake unapanga viumbe wasiozidi sita, kwa bajeti mliyopewa wewe na mpinzani wako. Kila pambano lina masharti yake: leo wenye kasi ndogo ndio wanaotangulia kupiga, kesho wakubwa hawaruhusiwi. Ukishapanga, basi, vita vinajiendesha vyenyewe. Ujuzi wote uko kwenye kupanga.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Na hiyo blokicheni inaingia wapi?

KIJANA: Karata zangu zimeandikwa kwenye daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani. Daftari hilo linaitwa Hive. Kampuni ya mchezo haiwezi kuamka asubuhi ikalifanya daftari hilo kuwa lake. Karata naweza kuiuza, naweza kuikodisha kwa mtu wa Manila au Caracas. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi mali yangu ina daftari.

MHASIBU: Nimeona watu wakiwa na daftari na mali ikapotea vilevile. Tofauti ni kwamba habari waliipata.

KIJANA: Tutafika huko, kaka. Sasa, Hive hiyo hiyo ni mahali pa kuandika. Naeleza pambano nililocheza: masharti yalikuwa yapi, kwa nini nilimweka huyu mbele na yule nyuma, wapi nilikosea hesabu. Kwa miaka mingi wenye mchezo wameendesha mashindano ya makala za namna hiyo. Ukichapisha, wenye akaunti wanakupigia kura kwa siku 7. Siku hizo zikiisha, mtandao unalipa: nusu kwa mwandishi, nusu kwa waliompigia kura. Malipo ya mwandishi huja kwa sarafu mbili. Moja imefungwa na dola ya Marekani, moja kwa moja. Nyingine ni Hive yenyewe iliyowekwa kama akiba, nayo hutolewa kwa mafungu ya kila wiki.

WAKALA: Na unapata kiasi gani, mdogo wangu? Sema ukweli, hapa hakuna TRA.

KIJANA: Wiki nzuri, dola chache. Wiki mbaya, senti. Walioanza 2021 walipata nyingi.

Msomaji yuko wapi?

MWALIMU: Swali langu ni dogo. Makala yako ya mwisho ilisomwa na watu wangapi?

KIJANA: Ilipigiwa kura na watu wengi, Mwalimu.

MWALIMU: Sikuuliza kura. Nimeuliza wasomaji.

KIJANA: Hapo siwezi kukuapia. Wengine wanapiga kura kwa programu. Mtu anaiambia programu yake: mwandishi fulani akichapisha, mpigie baada ya dakika kadhaa. Yeye mwenyewe yuko kazini au amelala. Anafanya hivyo kwa sababu mpiga kura naye analipwa.

MWALIMU: Basi hapo ndipo penye jambo. Mji huu una historia ya kuandika ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilichapwa hapa hapa Tanga, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani, na waliolijaza walikuwa walimu na makarani wa pwani na bara waliokuwa wakipelekeana habari. Vita vya Kwanza ndivyo vilivyolizima. Shaaban Robert alizaliwa 1909 pale Vibambani, nje kidogo ya mji. Tangu 1926 alikuwa karani wa forodha, akahamishwa huku na huku, Pangani ikiwamo. Vitabu tunavyofundisha mpaka leo viliandikwa na mtu anayekula mshahara wa ukarani. Kalamu haikumlisha.

KIJANA: Basi mimi nimemzidi. Yangu inanilisha kidogo.

MWALIMU: Ngoja nimalize. Yeye hakulipwa, ila alisomwa. Wewe unalipwa na hujui kama unasomwa. Nakuuliza ni ipi kati ya hizo mbili itakayokufanya uandike vizuri zaidi mwakani.

KIJANA: Lakini, Mwalimu, kuna makala zangu zinazotumika. Mchezaji mgeni akikutana na sharti asilolijua, anatafuta, anakuta nimelieleza, anapanga karata zake kwa maelezo yangu. Ananiandikia asante. Huyo ni msomaji.

MWALIMU: Huyo namkubali. Huyo ni msomaji kamili. Je, ndiye anayekulipa?

KIJANA: Huyo mara nyingi hana nguvu ya kura. Ni mgeni, akiba yake ndogo.

MWENDESHA MJADALA: Ifafanuliwe hiyo. Kura hazilingani?

KIJANA: Uzito wa kura unatokana na akiba ya Hive uliyoifungia. Mwenye akiba kubwa tunamwita nyangumi. Kura yake moja inaweza kuzidi za mamia ya wengine.

Fedha inatoka mfuko gani?

MWENDESHA MJADALA: Mhasibu, tufuatilie shilingi. Inatoka wapi?

MHASIBU: Nianze kwa kumtendea haki kijana. Mji huu bado unaikumbuka DECI, iliyovunjwa na serikali mwaka 2009. Watu walipanda mbegu, wakaambiwa watavuna mara mbili na zaidi, na aliyevuna alivuna alichopanda jirani yake. Mwaka 2025 polisi walikuwa wakiwakamata watu wa LBL iliyoahidi pesa kwa kutazama vitu kwenye simu. Hive si mambo hayo. Haimwahidi mwandishi faida, daftari lake liko wazi kwa kila mwenye kutaka kulisoma, na kuandika hakudai kiingilio.

KIJANA: Ahsante. Mtaani wananiweka kundi moja na hao.

MHASIBU: Usishukuru mapema. Mtandao unawalipa waandishi kwa kuchapa tokeni mpya kila siku. Hakuna tangazo la biashara wala mteja anayenunua gazeti. Anayelipa ni kila mwenye tokeni, kwa thamani ya alichonacho kupungua kidogo kidogo. Thamani hiyo hubaki juu ikiwa tu kuna mtu mpya anayetaka kununua. Watu wakiendelea kuja, wewe unaona mshahara. Wakiacha, unaona namba zile zile kwenye skrini ila haziwezi kununua kilo ya unga.

KIJANA: Bei hupanda na kushuka. Ndiyo biashara.

MHASIBU: Tuangalie ilivyoshuka. Mwishoni mwa 2021 Hive moja ilivuka dola 3. Kufikia 2023 ilikuwa chini ya senti 50. Kuna mchezo mwingine, Axie Infinity, wa kampuni ya Vietnam. Huko Ufilipino watu waliacha kazi wakawa wanaucheza kwa kutwa nzima. Tokeni waliyolipwa ilikaribia senti 40 Julai 2021. Katikati ya 2022 ilikuwa haifiki hata senti moja. Na kabla ya hapo, Machi 2022, wezi walitoboa daraja la kuhamishia fedha la mchezo huo wakaondoka na zaidi ya dola milioni 600. Marekani ikawataja wadukuzi wa Korea Kaskazini. Mchezaji alikuwa hajakosea chochote. Alipanga vizuri, alishinda, na mshahara ukayeyuka.

KIJANA: Nikujibu kwa historia ya hapa nyumbani. Mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf. Miche iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo Tanga ikawa Tanga: reli, bandari, mashamba, watu kutoka kila kona. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani laki 2. Kisha nailoni ikaja, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa chini ya tani 40,000. Aliyeamua bei hakuwahi kufika Korogwe. Leo akina mama wa Mkinga wanalima mwani, na bei inapangwa na wanunuzi wa ng'ambo. Kila kazi ya pwani hii bei yake hupangwa kwingine. Kwa nini ya kwangu peke yake ndiyo iitwe ya kubahatisha?

WAKALA: Hapo kijana kasema.

MWALIMU: Kasema, na hoja yake ni nzito. Lakini mkonge ulipoanguka haukufa. Bodi ya Mkonge ipo hapa mjini hadi leo na mashamba yanafufuliwa, kwa sababu kuna mtu mahali fulani anayehitaji kamba, zulia, gunia. Mwani unaingia kwenye vyakula na dawa za meno. Mahitaji yakipungua, hubaki kiasi. Makala ya namna ya kushinda mchezo ina mteja mmoja tu, mchezaji. Wachezaji wakihama, hakuna atakayeitaka hata ya kufungia maandazi.

Nani mwenye mji?

MWENDESHA MJADALA: Kijana anasema daftari ni la wote, kampuni haiwezi kulifanya lake. Tulipime hilo.

KIJANA: Lilishapimwa. Kabla ya Hive kulikuwa na Steem, iliyoanza 2016. Februari 2020 tajiri wa sarafu nyingine, Justin Sun, aliinunua kampuni iliyoanzisha Steem, pamoja na lundo la tokeni zake. Waendeshaji wa mtandao wakaziwekea kizuizi tokeni hizo. Naye akapata msaada wa masoko makubwa ya kubadilishia sarafu, Binance na Huobi miongoni mwao, yaliyopiga kura kwa tokeni ambazo wateja wao walikuwa wameziweka humo. Waendeshaji wa zamani wakaondolewa. Unajua watu walifanya nini? Walinakili daftari zima wakahama. Tarehe 20 Machi 2020 Hive ikazaliwa, na miezi michache baadaye Splinterlands ikahamia huko. Kampuni ilibaki na nyumba, watu wakaondoka na mji wao. Nionyesheni gazeti ambalo waandishi wake waliwahi kuweza kufanya hivyo.

MHASIBU: Kisa hicho hicho nakisoma upande wa pili. Tajiri mmoja aliingia na fedha, akapewa kura za watu ambao hawakuulizwa, akabadilisha uongozi kwa siku moja. Walipohama, waliohamisha walichagua pia nani aachwe: tokeni za kampuni ile hazikunakiliwa. Huenda walikuwa na haki. Ila ujifunze kwamba daftari lisilofutika linaweza kuandikwa upya pale wenye nguvu wanapokubaliana. Kwenye mji ambao kura ni uzito wa mfuko, mwandishi mwenye akiba ndogo ni mpangaji.

KIJANA: Kwani huku nje kura ya mwandishi ina uzito gani? Mwandishi wa kujitegemea wa mkoani anatuma habari, analipwa akikumbukwa. Mimi nikichapisha leo, najua siku ya saba nitalipwa, iwe kidogo iwe kingi. Hakuna mhariri wa kumpigia simu kila mwisho wa mwezi.

MWALIMU: Hilo nalo ni kweli, na ni aibu yetu.

Kutoka kwenye skrini hadi mkononi

WAKALA: Niulizeni mie sasa, maana mwisho wa yote mnakuja kibandani kwangu. Kijana anatoa ile sarafu yake, anaibadilisha kuwa nyingine, anaipeleka soko la ng'ambo, anaigeuza dola za kidijitali, kisha anamtafuta mtu asiyemjua wa kumuuzia, amtumie shilingi kwenye simu. Kila kituo kinakata chake. Dola chache zikipita vituo vyote hivyo, zinafika zimechoka. Halafu yupo yule tapeli wa ile pesa tuma kwenye namba hii. Amehamia huko. Anatuma ujumbe wa muamala wa uongo, kijana anaachia sarafu, anakuja kwangu analia. Au pesa inaingia kweli, kumbe imetoka kwenye laini iliyoibwa, na laini ya kijana inafungiwa. Nitamsaidia vipi? Namba ya huduma kwa wateja haijui sarafu za karata.

KIJANA: Ndiyo maana namuuzia mtu mwenye historia ndefu, na sikubali kuachia kabla sijaangalia salio lenyewe. Ujumbe siuamini.

WAKALA: Wewe umeshajua. Mdogo wako je? Na kuna jingine. Mtandao ulipozimwa nchi nzima tarehe 29 Oktoba 2025, kwa siku kadhaa hata mie nilikaa nimekunja mikono. Aliyekuwa na samaki pale Deep Sea alimuuzia jirani. Wewe uliuza nini?

KIJANA: Sikuuza kitu.

MHASIBU: Niongeze sheria, maana hapa wengi wanapapasa. Tarehe 12 Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba sarafu za kripto si fedha halali nchini. Fedha halali ni shilingi. Juni 2021 Rais Samia, akiwa Mwanza, aliitaka Benki hiyo hiyo ianze kujiandaa kwa ujio wa sarafu hizo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaja na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa hiyo si fedha, lakini ni mali inayotozwa kodi. Ukitapeliwa, usitegemee Benki Kuu ikurudishie. Ukipata, usitegemee TRA ikusahau. Na ukitaka kufungua jukwaa lako mwenyewe la maudhui, waulize Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwanza. Kanuni za 2018 zilianza na leseni ya shilingi milioni moja, na ingawa zimerekebishwa na ada kupunguzwa, hitaji la leseni halijafutwa.

MWALIMU: Mie nina jambo la imani, maana Tanga hatuwezi kulikwepa. Hizo pakiti za karata, nasikia unanunua hujui ndani mna nini. Huko si kubahatisha?

KIJANA: Pakiti ziko hivyo, sikatai. Unalipa bei moja, mwenzio anapata karata adimu, wewe unapata ya kawaida. Mimi sinunui pakiti. Kiingilio cha mchezaji kamili kilikuwa dola 10, nililipa mara moja, karata nyingine nakodi zile ninazozijua. Na makala ni jasho langu.

MWALIMU: Mashekhe hawana kauli moja kuhusu sarafu hizi, nami si mufti. Nitasema tu kwamba umetenganisha jasho na bahati, na kila kijana anayefuata njia yako angefanya hivyo kwanza.

Kwa lugha ipi?

MWALIMU: La mwisho. Unaandika Kiingereza?

KIJANA: Kiingereza. Kule wenye kura ni wa Kiingereza na Kihispania. Wavenezuela ni wengi kweli. Nikiandika Kiswahili hakuna wa kunipigia.

MWALIMU: Kwa hiyo Kiswahili cha Tanga hakina soko.

WAKALA: Kina soko, Mwalimu, ila si huko. Mtu anayejua kueleza jambo gumu likaeleweka ni mali. Nyumba za wageni za Pangani na Ushongo, wenye boti za kupeleka watalii Kisiwa cha Maziwe, waongozaji wa Mapango ya Amboni, wote wanahitaji mtu wa kuwaandikia, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Huyu kijana ameshajifunza kupanga maneno, kuweka picha na kumaliza kazi kwa tarehe. Shule hiyo kailipiwa na karata. Sasa aiuze.

KIJANA: Dada, nilikwenda kwa mmoja. Akaniambia andika kwanza, tutaongea baadaye.

WAKALA: Huyo mwache. Nenda kwa wa pili.

Uamuzi wa mwendesha mjadala

Hoja ilidai kipato cha kutegemewa. Haikusimama. Kipato kipo, na ni cha jasho halali kwa anayeandika kwa mkono wake, lakini hakitegemeki, kwa sababu anayelipa si yule anayenufaika na makala. Msomaji mgeni anayejifunza hana kura. Nyangumi mwenye kura hana haja ya kusoma. Kazi ambayo mlipaji na mtumiaji wake hawajuani hudumu kadiri mlipaji anavyojisikia, na mwaka 2022 ulionyesha anavyoweza kuacha kujisikia.

Mwalimu, hata hivyo, hakushinda kwa ukamilifu. Kijana alipouliza ni nani mwingine mjini anayelipa mwandishi chipukizi siku ya saba bila kuzungushwa, hapakuwa na jibu mezani, na wenye magazeti, redio na hoteli wa ukanda huu ndio wanaodaiwa jibu hilo.

Kwa anayetaka kuingia, mjadala umeacha masharti manne. Ingiza muda wako, usiingize mtaji. Siku utakayoanza kununua pakiti ili upate cha kuandika umeacha uandishi. Sarafu ikifika kiasi cha kuvumilia makato, igeuze shilingi. Weka kumbukumbu ya ulichopata, kwa ajili ya kodi na kwa ajili ya kujiambia ukweli. Na usimwalike mwenzio kwa kumwonyesha malipo ya wiki yako nzuri. Mwonyeshe na ile mbaya.

Wazazi wa Makorora, Mzingani na Pongwe, mkimwona mtoto amekesha kwenye simu akiandika, msimwite tapeli kabla hamjamwuliza anaandika nini. Nawe kijana, kabla ya kuchapisha makala nyingine ya karata, andika moja kuhusu jambo unalolijua la mji huu, na umtafute mtu mmoja atakayeisoma bila kulipwa kwa kuisoma.